Kasha la mwaloni lenye nakshi na mwaka 1671: nitajuaje kama ni la kweli?

Mtanga_Leeds

Wakuu, salaam. Kuna kasha la mwaloni kwenye mnada mdogo huku Yorkshire. Ukaguzi ni Ijumaa, mnada wenyewe Jumamosi. Orodha ya mnada inasema "kasha la mwaloni lenye nakshi, karne ya 17 na baadaye", makadirio pauni 300 hadi 500. Kwa picha naona haya:

Urefu sm 128, kina sm 56, kimo sm 71. Mbele lina paneli tatu ndani ya fremu. Ubao wa juu wa fremu umechongwa safu ya nusu duara zenye majani ndani yake, na katikati pana herufi I M na mwaka 1671. Kila paneli ina umbo la almasi lenye ua katikati. Mbavuni paneli ni tupu. Kifuniko ni mbao mbili zilizounganishwa, na bawaba ni pete za waya mnene zilizoshikana. Rangi ni nyeusi karibu na makaa. Mguu wa kushoto una matundu ya bungua.

Makasha ya Zanzibar ya msaji na shaba ningejua pa kutazama, ila mwaloni wa Kiingereza ni mgeni kwangu. Kukwangua hakuruhusiwi, ila kulifungua na kuliinamisha ruksa. Nitakuwa na tochi, kioo kidogo, futi ya chuma na kalipa ya kupimia unene. Nianzie wapi, na huo mwaka una uzito gani?

Randa na Patasi

Mkuu Mtanga, anzia mgongoni. Nakshi uziache mwisho, na mwaka uje baada ya nakshi. Aliyetaka kulipandisha kasha hadhi alimaliza nguvu zake zote usoni. Mgongoni, chini na ndani hakuwa na haja napo, kwa hiyo huko ndiko utakakopata habari.

Halafu swali lako ligawe. Kasha la mwaloni lililoghushiwa zima zima kwa bei hiyo ni nadra, kwa sababu kazi yake haiwezi kulipa. Yaliyojaa minadani ni makasha ya kweli ya karne ya 17 yaliyoguswa kati ya miaka ya 1840 na Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati Waingereza walipopenda sana samani nyeusi zilizochongwa kila mahali. Kasha tupu la mkulima lilipelekwa kwa mchongaji likarudi limejaa maua. Kwa hiyo kila kipande kiulize peke yake: wewe umekuja lini? Fremu inaweza kuwa ya 1660, kifuniko cha 1850, sakafu ya 1920, na vyote vikakaa pamoja kama ndugu.

Paneli za nyuma kwanza. Seremala wa wakati ule alipasua gogo bichi kwa kabari kuanzia kiini kwenda gome, kama unavyokata keki, kisha akarandisha upande wa mbele tu. Alama za upasuaji huo ni tatu. Ubao hautoshani unene: upande uliokuwa karibu na gome ni mnene, uliokuwa karibu na kiini ni mwembamba, tofauti ya mm 4 au 5 ni kawaida. Usoni mwake utaona mistari mipana ya kumetameta inayokatiza nyuzi, maana mwaloni uliopasuliwa hivyo huonyesha mishipa yake yote. Na nyuma yake, kingo zimechongwa mteremko kwa shoka au randa ili ziingie kwenye mfuo wa fremu, bila kujali urembo. Pitisha kiganja: utahisi mabonde ya randa, hutahisi ubao bapa.

Mbao za msumeno nazo zilikuwepo, hasa kwenye vifuniko, kwa hiyo usiogope alama za meno. Tazama umbo lake. Msumeno wa watu wawili juu ya shimo huacha mistari iliyonyooka, iliyoinama kidogo, isiyolingana nafasi. Mistari ya upinde ni ya msumeno wa duara. Hati miliki yake ya kwanza Uingereza ilitolewa 1777, lakini kwenye mbao za samani ichukulie kuwa ni karne ya 19 kuja juu. Mistari iliyonyooka na kulingana kama ya kitana ni msumeno wa mkanda, nusu ya pili ya karne ya 19. Mawimbi madogo yanayofanana, yanayokatiza ubao kwa nafasi sawa, ni randa ya mashine.

Viungo. Fremu ya kweli imeshikwa kwa ulimi na tundu, bila gundi, halafu kijiti cha mwaloni kimepigwa kupita vyote viwili. Tundu la kwenye ulimi lilitobolewa makusudi mm 2 hivi karibu zaidi na bega la ulimi, ili kijiti kikiingia kiuvute ulimi ndani. Kijiti hakikupita kwenye mashine. Kilichongwa kwa patasi, kwa hiyo kichwa chake kina pembe pembe, si duara la bikari. Na kiguse: mara nyingi kimechomoza kama mm 1. Mti husinyaa kukatiza nyuzi lakini kwa urefu wa nyuzi haupungui kitu cha kuonekana. Fremu imepungua unene na kijiti kimebaki na urefu wake. Ndani ya kasha ncha za vijiti mara nyingi hazikukatwa, zimeachwa zikichungulia. Ukikuta vichwa duara kamili, vyote kipenyo kimoja, vimelala sawasawa na uso wa mbao, hivyo ni vijiti vya dukani.

Misumari: wa kufuliwa kwa mkono una kichwa chenye bapa nne au tano za nyundo na mwili unaochongoka pande zote nne. Uliokatwa kwa mashine, wa kuanzia mwisho wa karne ya 18, unachongoka pande mbili tu. Wa waya, duara, ni wa mwisho wa karne ya 19 hadi leo. Mwaloni una tanini (kemikali ya asili ya mti) nyingi na chuma ndani yake huweka doa jeusi la kibuluu kwenye nyuzi. Msumari wa "kale" kwenye mbao isiyo na doa umeingia juzi. Doa bila msumari maana yake palikuwa na kitu kimetolewa. Skurubu kwenye kasha la 1671 hazina kazi, na ukiiona yenye ncha kali jua ni ya katikati ya karne ya 19 au baadaye.

Ndani, upande mmoja karibu na juu, tafuta kisanduku kidogo cha kuwekea vitu vya thamani. Mara nyingi kimeshavunjika, lakini mifuo yake miwili, mmoja ubao wa mbele na mmoja wa nyuma, haiondoki. Hiyo mifuo ni ushahidi mzuri kwamba mbele na nyuma vimekaa pamoja tangu mwanzo.

Miguu ni nguzo za fremu zilizoshuka hadi chini. Ilisimama kwenye sakafu za mawe zenye unyevu kwa miaka 300, kwa hiyo kuoza, kukatwa au kuungwa vipande ni kawaida. Ikiwa misafi, yenye kingo kali na rangi moja na juu, ndipo ushtuke.

Bi Kale

Randa amemaliza useremala, mimi niongeze nakshi na rangi.

Rangi haithibitishi ukale. Mwaloni wa karne ya 17 ulipotoka kwa fundi ulikuwa na rangi ya asali, ukapakwa mafuta au nta, na vingine vilipakwa hata rangi za kung'aa. Weusi wa makaa ni mapenzi ya karne ya 19: waliupaka rangi au wakaufungia na mvuke wa amonia, ambao hukutana na tanini na kuupaka mti weusi hadi ndani. Inua kifuniko ukaangalie chini yake, na chini ya sakafu ya kasha. Sehemu ambazo hazikuguswa na mikono wala nta zinapaswa kuwa kavu, za kahawia ya kijivu. Ukikuta chini ya sakafu pamepakwa weusi uleule wa usoni, kuna mtu alikuwa anaficha tofauti ya mbao. Kama una tochi ya mwanga wa urujuanimno, ichukue. Polishi ya shelaki huwaka rangi ya chungwa, na polishi hiyo ilienea Uingereza karne ya 19. Kuikuta hakulifanyi kasha kuwa la uongo. Inaonyesha tu kwamba lilipigwa polishi upya.

Nakshi sasa. Fundi wa 1670 alichonga mbao zikiwa bado hazijaunganishwa, juu ya benchi, na mti ukiwa na ubichi. Alichora mistari miwili ya mpaka kwa ncha ya chuma, akagawa kwa bikari, akachonga uwanda, yaani eneo linalozunguka maumbo, kushuka mm 3 hadi 5, kisha akaupiga uwanda madoa kwa chuma chenye ncha ili ukwaruzo wa patasi usionekane. Kazi ilikwenda haraka, bila msasa. Kwa hiyo tafuta kitundu cha mguu wa bikari kwenye kitovu cha kila nusu duara, mistari ya mpaka inayopitiliza, na jani ambalo ukingo wake umekatwa kwa pigo moja la patasi ya mviringo. Tafuta pia mahali alipokosea hesabu: nusu duara ya mwisho iliyobanwa ili itoshe. Mchongaji wa karne ya 19 hupima sana na kulainisha sana. Wakati huo hata mashine zilikuwepo, Thomas Jordan alipata hati miliki ya mashine ya kuchonga mwaka 1845 na ikatumika kwenye mbao za Bunge la Westminster, ingawa kwa kasha la kijijini mkono ulikuwa rahisi zaidi.

Sasa alama zinazomfichua aliyechonga baadaye:

Bungua huishi ndani ya mti na kutoka kwa tundu dogo la duara la mm 1.5 hadi 2. Njia zake ziko chini ya uso, huzioni. Ukikuta kwenye jani la nakshi mfereji ulio wazi, kama mto kwenye ramani, mti huo ulichongwa baada ya kuliwa. Hakuna bungua anayetembea juu ya uso. Alama hii mimi naithamini kuliko zote.

Paneli iliyochongwa ikiwa tayari ndani ya fremu huacha makovu kwenye fremu: patasi iliteleza ikakata ukingo wa ndani. Nakshi nazo huishia kabla ya kufika kwenye fremu, maana patasi haikupata nafasi ya kulala.

Kina cha nakshi ukilinganishe na unene wa paneli. Nakshi za mm 7 kwenye paneli ya mm 10 hazikupangwa na seremala aliyetaka kasha lidumu.

Na kama nakshi imekatizwa na kiungo, nusu ua hapa na nusu halipo, ubao huo ulitoka kwenye kitu kingine: kitanda, ukuta wa mbao, kiti cha kanisani.

Kuhusu mwaka: herufi na tarakimu zilizochimbwa kwenda ndani mtu yeyote anaweza kuziongeza siku yoyote. Zilizoinuka ni ngumu zaidi kughushi, na zina kipimo chake. Za asili ziliachwa pale uwanda uliposhushwa, kwa hiyo vichwa vyake viko usawa mmoja na uso wa ubao. Za kuongezwa ni lazima zichimbiwe shimo kwanza, zikae ndani yake. Weka futi ya chuma kimshazari juu ya ubao na upime pengo hadi kwenye kichwa cha tarakimu. Herufi I isikutishe, ilitumika pia kwa J, kwa hiyo I M anaweza kuwa John au James yeyote.

Jozani64

Kwa nini msipeleke tu maabara? Kaboni 14 itasema umri, yaishe.

Bi Kale

Jozani, kwa kipindi hiki kaboni 14 ni karibu haina msaada. Kuanzia katikati ya karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 20 mstari wa kusahihishia vipimo unapanda na kushuka ovyo, kipimo kimoja kinaangukia miaka mingi. Utalipa uambiwe "kati ya miaka ya 1660 na 1950", jambo ambalo macho yako yalishakuambia.

Kuhesabu pete za mti ndiyo njia ya mwaloni. Orodha ya pete za mwaloni wa Ulaya inarudi nyuma maelfu ya miaka bila kukatika, na unaweza kupima kwenye kichwa cha ubao bila kutoboa. Lakini unahitaji pete 50 au zaidi, na unahitaji mbao laini ya nje iliyo chini ya gome ili kukisia mwaka mti ulipoangushwa. Kwa mwaloni wa Uingereza sehemu hiyo huwa na pete 9 hadi 41. Mafundi waliikata na kuitupa kwa sababu bungua huipenda, kwa hiyo kwa kawaida unapata jibu la "haukuangushwa kabla ya mwaka fulani" tu. Na ukipata mwaka kamili bado ni mwaka wa mti. Mchongaji wa 1880 aliyechukua ubao wa 1650 atapita mtihani huo bila jasho.

Vipimo vya maabara husaidia pale unapojua unauliza nini. Kiti kinachoitwa cha Brewster, kilichodhaniwa ni cha karne ya 17, kilichonunuliwa na Jumba la Makumbusho la Henry Ford, Marekani, mwaka 1970 kwa dola 9,000 kilikuwa kimetengenezwa 1969 na mchongaji Armand LaMontagne, aliyetaka kuwapima wataalamu. Kilipofichuliwa 1977, eksirei ilionyesha matundu ya viungo yametobolewa kwa keekee ya kisasa. Keekee ya zamani ya umbo la kijiko huacha sakafu ya tundu ikiwa mviringo, ya kisasa huacha kitundu cha ncha katikati.

Mtanga_Leeds

Nimerudi kwenye ukaguzi. Niliyoyaona, kwa mpangilio wa Randa:

Paneli za nyuma zina mabonde ya randa na kingo zimechongwa mteremko. Moja ina ufa, nimepima humo: mm 13 upande mmoja, mm 8 upande wa pili. Vijiti vina pembe na vimechomoza. Ndani, ncha tano hazikukatwa. Mifuo ya kisanduku ipo upande wa kulia, kisanduku hakipo. Miguu ya nyuma imeungwa vipande vya sm 9.

Sakafu ni mbao za msonobari, misumari ya waya.

Kifuniko: ubao wa mbele una alama za msumeno zilizonyooka zisizolingana. Ubao wa nyuma una mistari ya upinde. Pete za bawaba zimepita kwenye ubao huo wa nyuma bila doa jeusi lolote. Kwenye ubao wa fremu wa nyuma kuna matundu mengine mawili yenye weusi mkubwa, sm 6 kutoka zilipo bawaba sasa.

Ubao wa juu wa mbele: nusu duara sita, tatu kila upande wa mwaka, vitundu vya bikari vipo, uwanda una madoa. Ya mwisho kulia ni nyembamba kuliko wenzake kwa mm 9. Herufi na tarakimu zimeinuka, ndani ya mstatili. Nimeweka futi: vichwa vyake viko mm 2 chini ya uso. Ndani ya mstatili hakuna madoa. Na mstatili umekata majani ya nusu duara za pande zote mbili.

Paneli za mbele: maua yana kina cha mm 6 hadi 7, laini sana. Petali mbili za paneli ya kushoto zina mifereji iliyo wazi. Ukingo wa fremu umekatwa katwa sehemu nne.

Bi Kale

Umefanya kazi nzuri. Jibu liko ndani ya ripoti yako.

Fremu, paneli za nyuma na ubao wa juu wa mbele ni vya karne ya 17. Safu ya nusu duara ni ya asili: bikari, madoa, na ile ya mwisho iliyobanwa. Mwaka umeongezwa. Vichwa viko chini ya uso kwa mm 2, uwanda wake haufanani na wa jirani, na mstatili umeharibu majani yaliyotangulia kuwepo. Hakuna fundi anayechonga majani ili ayakate mwenyewe. Pengine palikuwa na nusu duara ya saba pale katikati. Pima: kama upana wa mstatili unakaribia upana wa nusu duara moja, ndiyo hiyo.

Paneli za mbele zilikuwa tupu kama za mbavuni, zikachongwa zikiwa ndani ya fremu baada ya bungua kupita. Washa tochi ndani ya kasha gizani utazame kwa mbele, ukiona mwanga kwenye mabonde ya maua usishangae. Mchongaji wa paneli na wa mwaka huenda ni mmoja.

Randa na Patasi

Nakubaliana na Bi Kale ila simwonei huruma kifuniko. Nusu yake ni ubao wa karne ya 19 au baadaye, na bawaba zimehamishwa: weusi kwenye yale matundu mawili ni wa bawaba za kwanza. Pete za sasa ni za mtindo sahihi lakini hazijakaa hapo muda mrefu, mwaloni ungekuwa umeshapata doa. Tazama pia kitasa. Kama ndani ya ubao wa mbele kuna nafasi ya kitasa iliyochimbwa, basi chini ya ubao wa mbele wa kifuniko lazima kuwe na alama ya ulimi wa chuma unaoingia humo, sambamba nayo. Ikikosekana, hata huo ubao wa mbele umetoka kasha jingine. Kwangu kifuniko kisicho chake kinashusha thamani kuliko mwaka wa uongo, maana mwaka ni mapambo.

Bi Kale

Hapo tutatofautiana, Randa. Kifuniko ni sehemu ya kuchakaa, kama miguu na sakafu. Mtu alikirekebisha ili kasha liendelee kutumika. Paneli zilizochongwa haziwezi kurudi kuwa tupu, uso wa asili umekwisha kwenda na vumbi.

Dalali Mstaafu

Mgombane taratibu, mie niseme bei.

Maneno ya orodha yalishakuambia, Mtanga. "Karne ya 17" peke yake ina maana dalali anasimama na kasha lote. "Karne ya 17 na baadaye" ni kwamba anajua kuna vipande au kazi iliyoongezwa na hataki lawama. "Mtindo wa karne ya 17" linaweza kuwa la mwaka wowote. Vivyo hivyo "Charles II", jina la mfalme wa Uingereza, ni madai kwamba lilitengenezwa kati ya 1660 na 1685, na "mtindo wa Charles II" si madai ya kitu. Tarakimu zilizochongwa dalali huziandika kama alivyoziona: "lenye mwaka 1671" si sawa na "la mwaka 1671".

Samani za mwaloni zimeshuka bei sana tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na makasha ya kawaida huuzwa kwa pauni mia chache. Hilo lako, lenye paneli zilizochongwa baadaye na kifuniko cha mseto, nisingepita 250 ya nyundo, yaani bei inayofungwa mnadani kabla ya ada. Kumbuka juu ya nyundo kuna ada ya mnunuzi, kwa kawaida asilimia 20 hadi 30, na VAT juu ya ada hiyo. Ukishinda kwa 250 na ada ni asilimia 25, unalipa 250, na 62.50 za ada, na 12.50 za VAT, jumla 325. Omba ripoti ya hali ya kasha kwa maandishi leo, kabla ya mnada, na uulize wazi: mwaka na nakshi za paneli ni za wakati mmoja na fremu? Jibu la maandishi lina nguvu ukitaka kurudisha mzigo.

Mtanga_Leeds

Asanteni wakuu. Upana wa mstatili ni sm 16, nusu duara ni sm 16.5. Bi Kale umepatia. Alama ya kitasa kwenye kifuniko ipo, sambamba. Nitaweka kikomo 220. Swali la mwisho: wale bungua wa mguu wa kushoto, wapo hai? Na kasha likienda Tanga siku moja litavumilia?

Randa na Patasi

Tazama rangi ya matundu. Tundu jipya lina ukingo mkali na ndani yake mweupe kama mbao iliyokatwa leo, la zamani ndani lina giza na vumbi la nta. Lisimamishe kasha juu ya karatasi nyeusi, ziba matundu yaliyopo kwa nta laini, usubiri kiangazi cha huko: bungua hutoka kati ya Mei na Agosti. Unga mweupe juu ya karatasi au tundu jipya kwenye nta maana yake wamo. Hapo ama lifungwe kwenye plastiki na kugandishwa, nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu, au 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ama lipakwe dawa ya wadudu ya pemethrini ndani na chini tu, uso wenye nta usiguswe.

Tanga linaweza kukaa, lakini paneli usizipige gundi wala msumari kwa kuogopa zinacheza. Zinatakiwa zicheze ndani ya mifuo. Kwenye unyevu wa pwani zitavimba, ukiwa umezifunga zitapasuka au zitatanua fremu. Miguu iwekee vipande vya msaji chini ili isigusane na sakafu, na uikague kila mwezi kwa mchwa, hasa vile vipande vya sm 9 vilivyoungwa nyuma. Sakafu ya msonobari itoe kabla hujasafirisha, mchwa wataanzia hapo.